Amonia kwenye maji ya samaki: kipimo kilisema salama, trauti 260 wakafa usiku mmoja

MajiYaMlimani (Usa River)

Habari za jioni wakuu. Mwezi uliopita nilipoteza trauti 260 kati ya 400 kwa usiku mmoja. Niko juu ya Usa River, upande wa msitu wa Meru, nafuga kwa maji ya mfereji unaotoka kwenye chemchemi. Nimekaa na jambo hili mpaka nimelielewa, na nimeona nisilinyamazie, maana najua humu kuna watu wanapima maji kama nilivyokuwa napima mimi na wanalala wakijua wako salama.

Nianze nilikotoka. Kabla ya kurudi nyumbani nilifanya kazi miaka miwili kwenye kituo cha kuangulia samoni, pwani ya magharibi ya Norwe. Samoni wa kufugwa huanza maisha nchi kavu, kwenye matangi ya maji yasiyo na chumvi, na baadaye ndipo hupelekwa kwenye vizimba vya baharini. Kwenye yale matangi maji mengi huzungushwa: yanatoka, yanachujwa, yanarudi kwa samaki walewale. Kazi yangu ilikuwa kupima maji asubuhi na jioni, na kitu cha kwanza kupima kila siku kilikuwa amonia.

Kwa wasiojua, amonia haiingii bwawani kutoka nje tu. Samaki mwenyewe ndiye anayeitoa. Akila protini, mwili unatumia inachohitaji na naitrojeni inayobaki inageuka amonia, ambayo sehemu kubwa hutokea kwenye matamvua, siyo kwenye mkojo. Kilo moja ya chakula chenye protini asilimia 40 huacha takriban gramu 37 za naitrojeni ya amonia ndani ya maji. Ukiwa na tangi la lita 50,000 na maji hayatoki, kilo hiyo moja tu inakupa karibu miligramu 0.74 kwa kila lita. Piga hesabu ya wiki nzima.

Sasa hapa ndipo penye jambo lenyewe. Ndani ya maji amonia inakaa kwa sura mbili. Kuna amoniamu, NH4, ambayo ina chaji na hupenya kwa shida kwenye matamvua. Na kuna amonia huru, NH3, ambayo inapita kwenye ngozi ya matamvua kama moshi unavyopita kwenye dari ya majani. Hii ya pili ndiyo sumu kali. Sura hizi mbili zinabadilishana kila wakati kutegemea pH (kipimo cha uasidi wa maji; namba ikiwa kubwa, uasidi ni mdogo) na joto la maji: pH ikipanda, amoniamu inageuka amonia huru, joto likipanda, vivyo hivyo. Kipimo cha matone tunachonunua hakizitofautishi. Kinakupa jumla yake tu.

Kule Norwe maji yalikuwa laini, karibu hayana madini, na tulilazimika kuyaongezea bikaboneti (aina ya soda) ili pH isianguke. Tangi la kawaida lilikuwa na nyuzi 12 na pH 6.8. Kipimo kikisoma miligramu 1 kwa lita hakuna aliyeshtuka, maana kwenye hali hiyo amonia huru ni kama 0.0014 tu. Kwa samaki wa jamii ya samoni, wafugaji wengi hujitahidi wasivuke kati ya 0.0125 na 0.02. Tulikuwa mbali kabisa na hatari. Kichwani mwangu ikakaa hivyo: chini ya moja ni sawa.

Nikarudi na kichwa hicho Meru.

Maji ya mlima huu mnayajua. Mlima ni wa volkano, maji yake yanabeba soda, na wengi wetu tunaokunywa ya visima, meno yametuonyesha na floraidi iliyomo. Yangu yana pH 8.4 na nyuzi 15. Kiangazi kilipokaza, zamu za mfereji zikabana na maji yangu yakapungua kutoka lita 3 kwa sekunde hadi 0.7. Simlaumu mtu, watu wa juu nao wana migomba na mboga. Nilikuwa nalisha kilo moja kwa siku. Maji yakiwa mengi amonia jumla ilikuwa 0.14. Yalipopungua ikapanda hadi 0.6. Nikapima, nikaona 0.6, nikasema bado haijafika moja.

Hiyo 0.6 kwenye pH 8.4 na nyuzi 15 ni amonia huru karibu 0.038. Yaani nilikuwa na amonia pungufu kuliko tangi la Norwe, lakini sumu yake ilikuwa kama mara 28 ya kule.

Nitarudi kueleza siku yenyewe na nilichokiona ndani ya matamvua. Mtoto analia.

---

Kisima23

Dada pole sana. Samaki 260 ni pesa na ni moyo pia. Natega sikio.

---

KaheSato (Moshi)

Pole dada yangu. Naomba kuuliza kwa heshima tu: sisi wa huku chini tunafuga sato na kambale, samoni na trauti hatuna. Haya yanatuhusu kweli au ni ya samaki wa baridi peke yao?

---

MajiYaMlimani

KaheSato, yanakuhusu, na huenda kuliko mimi. Trauti na samoni ni ukoo mmoja na wote ni dhaifu kwa amonia. Sato ni mgumu zaidi, ni kweli. Lakini sato naye huanza kupoteza hamu ya kula amonia huru ikifika kama 0.08, na ikikaa juu muda mrefu wanakufa. Wewe una joto ambalo mimi sina. Nitakurudia.

Niendelee. Wiki tatu nzima hakufa samaki hata mmoja. Hilo ndilo lililonidanganya. Nilichoona ni kwamba wanaacha chakula. Mwanzoni kidogo, halafu punje zikawa zinaelea mpaka zinalainika. Rangi yao ikawa nyeusi. Walisogea wakasongamana pale maji yanapoingia, kila mmoja anagombea mdomo wa bomba. Nikadhani hewa haitoshi, nikaleta pampu ya hewa na mawe ya mapovu. Nikapima oksijeni, imejaa. Nikatulia.

Mwenzangu mmoja wa kule kazini nilimtumia picha. Swali lake la kwanza lilikuwa: "pH imekuwa ngapi tangu uweke pampu?" Sikuwa nimepima.

Samaki anapumua na kutoa kabonidayoksaidi, na gesi hiyo ikikaa ndani ya maji inaishusha pH. Ni kama inamfunga kamba yule adui. Ukipuliza hewa kwa nguvu unaifukuza ile gesi, pH inapanda, na amoniamu uliyokuwa nayo salama inafunguliwa kamba. Tena kuta za bwawa langu zilikuwa na mwani, na mwani jua likiwaka unakula kabonidayoksaidi hiyohiyo. Mchana mmoja nilipopima hatimaye, pH ilikuwa 8.7, maji yamepata nyuzi 17, na amonia jumla, saa chache baada ya kulisha, ni 1.1. Kwa samaki hawa amonia hufika kileleni kama saa nne hadi nane baada ya mlo, kwa hiyo kipimo changu cha asubuhi kabla ya kulisha kilikuwa kinasoma ile saa nzuri kuliko zote.

Hesabu ya mchana ule: amonia huru 0.15.

Na mimi mchana huohuo nilikuwa na mteja wa hoteli anataka kilo 20. Nikaingia na wavu. Nikawakimbiza, nikawachagua, wadogo nikawarudisha. Samaki anayeogelea kwa nguvu anatengeneza amonia zaidi kwenye misuli yake, na uvumilivu wake kwa amonia ni mdogo kuliko wa aliyetulia. Saa 12 jioni wakaanza kugeuka ubavu. Wengine walikuwa wanazunguka kama pia, wanajipinda kwa mtukutiko, halafu wanalala chini midomo wazi. Asubuhi nikaokota.

---

Mzee wa Himo

Binti, pole. Mimi nafuga tangu zamani kidogo na kila samaki wakiumwa naweka chokaa, inaua vijidudu na maji yanatakata. Ungeweka chokaa mapema huenda ungewaokoa. Ni ushauri tu.

---

MajiYaMlimani

Shikamoo mzee wangu. Asante kwa kunifuatilia.

Kwa adabu zote naomba kwenye hili nitofautiane nawe, na ninaomba wengine wasome pia. Chokaa ina kazi yake: bwawa la udongo likiwa tupu, limekauka, kabla ya kujaza, inasaidia sana. Lakini samaki wakiwa ndani na amonia iko juu, chokaa ile ya kupaka nyumba inarusha pH mpaka 10 kwa dakika chache. Kwenye pH hiyo sehemu kubwa ya amonia ni huru. Mzee, mtu anaweza kuua bwawa zima akidhani anatibu. Kama ulikuwa unaweka na samaki wanapona, nadhani ni kwa sababu maji yako ya Himo yalikuwa na amonia kidogo siku hizo na shida ilikuwa nyingine.

---

Mzee wa Himo

Marahaba. Nimekuelewa. Kuna mwaka niliweka wakafa wote na nikasema ni pepo wa maji. Sasa najiuliza.

---

Daktari_Mifugo_Kaskazini

Dada umeeleza vizuri. Niongezee kwenye mwili wa samaki, maana nimepasua wengi.

Matamvua ya samoni mwenye afya ni nyuzi nyekundu zilizopangwa kama kitana, na kila uzi una vikuta vyembamba mno ambamo damu na maji vinatenganishwa na ngozi ya seli moja mbili. Amonia ikikaa juu kidogo kwa wiki kadhaa, ile ngozi inajihami kwa kuota nene. Vikuta vinavimba, vinashikana ncha, ute unajaa katikati. Ukitazama kwa hadubini unaona kitana kilichoganda. Oksijeni bwawani inaweza kuwa imejaa kama alivyopima dada, lakini samaki haifikii. Ndiyo maana walikuwa wanagombea bomba.

Pili, amonia ikiwa nyingi nje, ile ya ndani haina pa kutokea. Inarudi kwenye damu na kupanda ubongoni. Amoniamu inafanana na potasiamu kiasi kwamba inavuruga umeme wa neva. Ubongo wa samaki una njia ya kujitetea, unaikamata amonia na kuifunga kwenye glutamini, lakini kinga hiyo ina kikomo. Ikizidiwa ndipo mtukutiko, kuzunguka, kupoteza fahamu na kufa.

Tatu ni kinga ya mwili. Samaki aliyeishi na msongo huo kwa wiki kadhaa, fangasi na bakteria wa matamvua wanamkuta mlango wazi. Mara nyingi mfugaji ananiletea samaki mwenye fangasi nyeupe akitaka dawa, na mimi nauliza maji kwanza.

Samoni mdogo kwa upande mwingine ana uwezo wa kuzoea kiasi fulani amonia ikipanda polepole na akiwa analishwa vizuri. Kinachomuua zaidi ni kupanda kwa ghafla, ndicho kilichotokea mchana ule.

---

Kisima23

Swali la vifaranga. Mimi nanunua vifaranga vya sato, nasafiri navyo saa tano sita kwenye mifuko ya nailoni yenye oksijeni. Nikifika Arusha wako hai kabisa, wanacheza. Nafungua mfuko, nawawekea pampu ya hewa humohumo wapumzike nusu saa kabla ya kuwamwaga. Nusu wanakufa ndani ya hiyo nusu saa. Muuzaji anasema kosa langu, mimi nasema kosa lake.

---

MajiYaMlimani

Kisima23, umenirudisha Norwe moja kwa moja. Hili tulifundishwa kwa ukali siku ya kwanza ya kusafirisha samoni wadogo.

Ndani ya mfuko uliofungwa vifaranga wanatoa amonia na kabonidayoksaidi kwa pamoja. Gesi inashusha pH, labda hadi 6 na kitu, kwa hiyo amonia hata ikifika nyingi sana inabaki amoniamu na vifaranga wanacheza. Ukifungua na kupuliza hewa gesi yote inatoka kwa dakika chache, pH inaruka, na amonia ya saa sita nzima inafunguka juu yao kwa mkupuo. Pampu yako ya huruma ndiyo inayowaua.

Usiwawekee hewa kwenye maji ya safari. Uache mfuko uelee juu ya bwawa ukiwa bado umefungwa mpaka joto lilingane, fungua, watoe kwa kimia haraka waingie kwenye maji mapya, na maji ya mfuko yamwage nje, yasiingie bwawani. Na mwambie muuzaji asiwalishe siku nzima kabla ya kufunga, maana tumbo tupu linatoa amonia kidogo.

---

Kisima23

Dada sina la kusema. Nimepoteza vifaranga wa misafara minne hivi. Asante.

---

KaheSato

Dada, baada ya kukusoma nimenunua kipimo cha amonia na cha pH. Bwawa langu la udongo liko Kahe, maji ya kijani kabisa, naweka mbolea ya kuku na kulisha pumba na mashudu. Kila siku naokota sato wawili watatu, jioni, siyo asubuhi. Vipimo vya jana:

Saa 12 asubuhi: nyuzi 24, pH 7.4, amonia jumla 1.5.
Saa 10 jioni: nyuzi 28, pH 9.1, amonia jumla 1.5.

Amonia haikubadilika kabisa. Sasa inaniuaje jioni tu?

---

MajiYaMlimani

Kaka, vipimo vyako hivi ningependa kila mtu humu avisome mara mbili.

Asubuhi amonia huru yako ni kama 0.02, sato hata hajisikii. Jioni, kwa jumla ileile 1.5, ni karibu 0.7. Mara 35. Ule ukijani ndio unaokula kabonidayoksaidi mchana kutwa na kuipandisha pH, na usiku unaacha, pH inashuka, samaki wanapumua. Kesho jua linarudi.

Saa ya kifo nayo inasema kitu. Samaki wakipapatika juu ya maji alfajiri, shuku oksijeni, maana usiku mwani nao unavuta hewa. Wakifa mchana na jioni jua likiwa kali, shuku amonia kwanza.

Cha kufanya leo: acha kulisha kabisa siku mbili tatu. Sato hafi njaa kwa siku tatu. Mbolea ya kuku simamisha, ile ni amonia unayonunua mwenyewe. Ukipata maji ya mfereji, ingiza na utoe ya chini, kule kwenye tope. Chumvi usihangaike nayo kwa hili. Chumvi inasaidia dhidi ya nitriti, yaani kile ambacho bakteria wanatengeneza wakiwa katikati ya kuigeuza amonia kuwa nitrati, na ambacho kinafanya damu ya samaki kuwa ya kahawia. Amonia yenyewe haiiondoi.

Ukianza tena, lisha asubuhi na kidogo, ili kilele cha amonia na kilele cha pH visikutane jioni kama sasa.

---

Daktari_Mifugo_Kaskazini

Naunga mkono yote. Nyongeza kwa wenye matangi ya turubai wanaozungusha maji kwa kichujio: bakteria wanaoigeuza amonia wanakula oksijeni nyingi, kama gramu 4.57 kwa kila gramu ya naitrojeni ya amonia, na wanakula pia ile soda ya maji. Umeme ukikatika saa kadhaa bakteria nao wanaweza kufa, siyo samaki tu. Ukiwasha tena usilishe siku hiyo. Kichujio kipya huchukua wiki kadhaa kukomaa, na wengi wanajaza samaki siku ya pili.

---

Mama_Tengeru

MajiYaMlimani mwanangu, hao 140 waliobaki wanaendeleaje?

---

MajiYaMlimani

Asante mama kwa kuuliza, wengi hawaulizi hilo.

Waliendelea kufa mmoja mmoja kwa siku tisa, sasa nina 121. Nimezungumza na wazee wa mfereji, wamenipa maji ya usiku ambayo hakuna anayemwagilia nayo, nayahifadhi kwenye tangi la juu na kuyaachia mchana. Kuta nimezisugua mwani wote na bwawa nimelifunika kwa makuti. Nalisha nusu kilo, asubuhi tu. Napima saa 9 alasiri, siyo asubuhi tena. Jana: amonia jumla 0.2, pH 8.3, nyuzi 15. Amonia huru 0.01.

Juzi walianza kupanda juu kuchukua punje. Nilikaa pale ukingoni mpaka giza likaingia.

---

KaheSato

Siku ya tatu bila kulisha, maji mapya yameingia usiku mbili. Saa 10 jioni leo: nyuzi 27, pH 8.6, amonia jumla 0.8. Nimekokotoa amonia huru nimepata 0.16. Bado juu?

---

MajiYaMlimani

Bado juu, lakini siku chache zilizopita ulikuwa na 0.7. Usilishe kesho pia, ongeza usiku mmoja wa maji. Umeokota wangapi leo?

---

KaheSato

Leo sijaokota.